Maktaba za Zamani za Fortran na Hesabu za Dozi

Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipandisha dozi za dawa za kifua kikuu kwa watoto. Isoniazid ilitoka miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito hadi 10, rifampicin kutoka 10 hadi 15, na pyrazinamide kutoka 25 hadi 35. Dawa zilikuwa zilezile. Kilichobadilika ni ufahamu wa namna mwili wa mtoto unavyozitumia. Vipimo vya damu vilionyesha kwamba mtoto mdogo akipewa kiasi kilekile kwa kila kilo kama mtu mzima, kiwango cha dawa katika damu yake huwa chini, kwa kuwa mwili wake huiondoa kwa kasi zaidi. Mfamasia anayehesabu vidonge dirishani hutumia matunda ya kazi iliyofanyika mbali na dirisha lake.

Hesabu zinazohusu mwendo wa dawa mwilini ni ndefu. Mtoto hawezi kutolewa damu kila saa. Kwa hiyo watafiti hukusanya sampuli mbili au tatu kutoka kwa kila mgonjwa, kisha huziangalia za wagonjwa wengi kwa pamoja ili kukadiria kasi ya mwili kuondoa dawa, na jinsi kasi hiyo inavyobadilika kwa uzito, umri na hali ya figo. Programu iliyofungua njia hiyo ni NONMEM, kazi ya Stuart Beal na Lewis Sheiner wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walioieleza katika jarida la takwimu mwaka 1980. Imeandikwa kwa Fortran, lugha ya kompyuta iliyotolewa na kampuni ya IBM mwaka 1957 na kikundi kilichoongozwa na John Backus. Katika tiba ya mionzi pia, programu zinazofuatilia njia ya mionzi ndani ya mwili, kama PENELOPE na EGSnrc, zimejengwa juu ya Fortran. Ni lugha yenye umri wa bibi, na bado inashika jembe.

Umri huo ndio chanzo cha tatizo linaloshughulikiwa katika somo hili. Mfamasia mtafiti au mtaalamu wa takwimu hupewa kompyuta mpya, akahamishia humo maktaba aliyorithi kwa mtangulizi wake, yaani faili ambalo jina lake huishia kwa .a, nayo ikakataa kuungana na programu yake. Au ikakubali, na hapo, kama itakavyoonekana, ndipo penye hatari kubwa zaidi.

Kuna kazi mbili ambazo yafaa kuzitenganisha. Kompaila husoma msimbo ulioandikwa na binadamu na kuutafsiri kuwa lugha ya mashine. Kiunganishi huja baadaye: hukusanya vipande vilivyokwisha kutafsiriwa, hutafuta kila jina linaloitwa na kipande kimoja na kupatikana katika kingine, kisha huvifunga vyote kuwa programu moja. Maktaba tuli ni fungu la vipande hivyo vilivyotafsiriwa zamani na kuwekwa akiba. NONMEM hupitia hatua zote mbili kila mara modeli inapoendeshwa: maelezo ya mtafiti hugeuzwa kuwa Fortran, hutafsiriwa na kompaila iliyopo siku hiyo, kisha huunganishwa na sehemu zilizotafsiriwa siku programu iliposakinishwa. Kati ya siku hizo mbili inaweza kupita miaka, na katikati yake fundi anaweza kuwa amesasisha mfumo mzima wa kompyuta bila mtafiti kujua.

Hitilafu inayoonekana mara nyingi ni ya majina. Fortran haijali herufi kubwa wala ndogo, ila kiunganishi hujali, na kila kompaila ina desturi yake ya kuyaandika majina kabla ya kuyapeleka kwa kiunganishi. Kompaila ya gfortran huyaandika kwa herufi ndogo na kuongeza mstari mmoja wa chini mwishoni. Programu ndogo iitwayo DOZI huwa dozi_. Mtangulizi wake, g77, ambaye nafasi yake ilichukuliwa na gfortran mwaka 2005, alifanya vivyo hivyo, ila jina lililokuwa tayari na mstari wa chini ndani yake aliliongezea miwili: KASI_FIGO ikawa kasi_figo__. Kompaila ya Intel katika Windows huacha herufi kubwa bila mstari wowote. Kwa hiyo kiunganishi husema "undefined reference", maana yake jina limeitwa na halikupatikana, ilhali limo, limeandikwa kwa tahajia nyingine tu.

Dawa ya hali hiyo huanza kwa uchunguzi, kama ilivyo wodini. Amri iitwayo nm hufungua maktaba na kuonyesha majina yaliyomo: lenye herufi T mbele yake limo humo, lenye herufi U linatafutwa kwingine. Tofauti ikiwa ni mstari wa chini wa pili, swichi ya -fsecond-underscore huifanya gfortran ifuate desturi ya g77. Majina yenye herufi U yana faida nyingine pia, kwani yanamtaja mzazi wa maktaba. Yanayoanza kwa _gfortran_ yanaonyesha kwamba ilitafsiriwa kwa gfortran. Yanayoanza kwa for_ ni ya Intel. S_wsfe na do_fio ni alama za g77 na jamaa zake. Kila kompaila huja na maktaba yake ya kuendeshea, na maktaba ya zamani huendelea kuidai ile aliyozaliwa nayo hata ikiwa haipo tena katika kompyuta.

Mpangilio wa maneno katika mstari wa amri nao huwasumbua wengi bila sababu. Kiunganishi cha GNU husoma kutoka kushoto kwenda kulia, na katika maktaba tuli huchukua tu vipande ambavyo hadi hapo vimeitwa na havijapatikana. Maktaba ikitajwa kabla ya programu inayoihitaji, hupitwa kana kwamba haina kitu. Anayeomba atajwe kwanza, anayeombwa afuate: programu ya dozi, kisha LAPACK, kisha BLAS ambayo LAPACK huitegemea.

Zipo pia hitilafu za umbo. Maktaba iliyotengenezwa kwa kompyuta za biti 32 haiwezi kuunganishwa katika programu ya biti 64, na hakuna swichi ya kuiponya. Ili kuitambua, kipande kimoja hutolewa kwa amri ya ar x na kuchunguzwa kwa amri ya file, kwa kuwa file ikiulizwa kuhusu maktaba nzima hujibu tu kwamba ni fungu la vipande. Kipande hichohicho, kikipitishwa katika readelf -p .comment, mara nyingi hutaja kompaila iliyokitafsiri pamoja na namba ya toleo lake. Kwa upande mwingine, maktaba ya biti 64 iliyo salama kabisa inaweza kukataliwa kwa ujumbe unaozungumzia PIE na relocation. Tangu Ubuntu 16.10 na Debian 9, programu hutengenezwa kwa kawaida ziweze kupakiwa mahali popote katika kumbukumbu, na vipande vya zamani havikutayarishwa hivyo. Swichi ya -no-pie huondoa kikwazo hicho bila kugusa hesabu, ingawa hupunguza kidogo ulinzi wa programu. Penye msimbo chanzo, kutafsiri upya ni bora.

Mwaka 2020 toleo la 10 la gfortran lilileta kilio kipya. Misimbo iliyokuwa ikitafsiriwa kwa amani ilianza kukataliwa kwa sababu mahali pamoja programu ndogo hupewa namba halisi, na mahali pengine hupewa namba kamili au jedwali. Ushauri unaozunguka ni kuongeza swichi ya -fallow-argument-mismatch, inayogeuza kosa kuwa onyo. Ushauri huo si mbaya, ila hutolewa kwa haraka mno. Baadhi ya malalamiko hayo hayana madhara, kwa kuwa waandishi wa zamani walizoea kutumia nafasi moja ya kumbukumbu kwa kazi tofauti. Mengine ni makosa halisi yaliyolala kwa miaka mingi. Katika msimbo unaogusa dozi kila onyo lastahili kusomwa mstari kwa mstari kabla ya swichi kuwekwa, hata kama kazi hiyo itachukua alasiri nzima.

Hitilafu zote zilizotajwa hadi hapa zina fadhila moja: hupiga kelele. Programu haitengenezwi, na mgonjwa haguswi. Zinazobaki ni za kimya.

Kila mhudumu wa afya aliyewahi kumwelekeza mzazi kuhusu dawa ya maji anajua tatizo la kijiko. Chupani pameandikwa kijiko kimoja. Mtengenezaji alikusudia mililita 5, na nyumbani kipo kijiko cha mezani kinachobeba karibu mara tatu ya hizo. Neno ni lilelile, na hakuna anayehisi kosa. Maktaba tuli hukumbwa na jambo hilohilo. Jina la fanksheni hupatikana, kiunganishi huridhika, lakini pande mbili hazikukubaliana namba ina ukubwa gani.

Mfano ulio wazi unatoka katika g77. Kompaila hiyo, fanksheni ya namba halisi ya kawaida ilipomaliza kazi, ilirudisha jibu katika umbo la usahihi maradufu, yaani baiti 8. Kompaila ya gfortran hutarajia baiti 4. Katika mashine za zamani za biti 32 tofauti hiyo haikuonekana, kwa sababu majibu yalipitia sehemu ya kichakataji iliyoyachukua yote kwa namna moja. Katika mashine za biti 64 msomaji huchukua baiti 4 za chini na kuziacha zile za juu, nazo ndizo zinazobeba karibu jibu lote. Nusu ya chini hubaki na biti 3 tu za mwisho za namba ya asili, na zilizosalia zote ni sifuri. Kwa sababu hiyo, hata jibu sahihi liwe lipi, programu inayoita hupata moja kati ya majibu manane: sifuri, 2, namba ndogo mno isiyo na maana, namba kubwa mno yenye tarakimu 20, au hizohizo zikiwa hasi.

Namba yenye tarakimu 20 itamshtua yeyote. Sifuri pengine itamshtua. Lakini 2 haimshtui mtu. Anayekadiria kiwango cha gentamicin katika damu muda mfupi kabla ya dozi inayofuata hutarajia namba ndogo ya aina hiyo, na miligramu 2 kwa lita hupita mbele ya macho kama jibu la kawaida, ingawa jibu halisi lilikuwa 7 au 0.4. Gentamicin ikizidi kwa muda huumiza figo na masikio. Ikipungua, maambukizi hubaki. Ni mahali pabaya pa kupokea namba iliyotokana na baiti zilizokatwa.

Swichi ya -ff2c huifanya gfortran ifuate mkataba wa g77. Inahitaji uangalifu, kwa kuwa hugusa kila fanksheni ya namba halisi inayoitwa na msimbo huo, zikiwemo za maktaba nyingine zilizotafsiriwa kwa desturi mpya. Kuponya moja kunaweza kuiharibu nyingine. Fanksheni zilizotangazwa tangu mwanzo kuwa za usahihi maradufu haziguswi na tatizo hili, wala programu ndogo zisizorudisha jibu kwa njia hiyo.

Swichi ya -fdefault-real-8 huleta madhara yanayofanana na hayo kwa mlango mwingine. Hutumiwa kwa nia njema, ili namba zote halisi ziwe na baiti 8 na hesabu iwe makini zaidi. Lakini hufanya kazi katika msimbo unaotafsiriwa siku hiyo pekee. Maktaba iliyotafsiriwa miaka kumi iliyopita itaendelea kusoma baiti 4, na eneo la kumbukumbu linaloshirikiwa, ambalo katika Fortran hutangazwa kwa neno COMMON, litapishana: uzito wa mgonjwa ulipowekwa, maktaba itasoma nusu ya uzito huo kana kwamba ni namba nzima, na nusu ya pili kana kwamba ni umri. Swichi ya namna hii iwekwe kwa msimbo wote au isiwekwe kabisa.

Tabia nyingine ya zamani inahusu kumbukumbu. Kompaila nyingi za wakati ule ziliacha thamani za ndani za programu ndogo mahali pamoja, zikakutwa zilezile programu hiyo ilipoitwa tena, na waandishi wakaizoea hali hiyo bila kutangaza SAVE kama kanuni za lugha zinavyodai. Msimbo huo ukitafsiriwa upya leo, thamani hizo zinaweza kupotea kati ya mwito mmoja na mwingine, na majibu yakabadilika kila programu inapoendeshwa. Swichi ya -fno-automatic hurudisha desturi ya kale. Toleo la 8 la gfortran nalo, mwaka 2018, lilibadilisha ukubwa wa kigezo kilichofichwa kinachobeba urefu wa maandishi, kwa hiyo maktaba za kabla yake zinazopokea maandishi zinahitaji kutafsiriwa upya.

Swichi za ukaguzi kama -fcheck=all ni msaada mkubwa, ila hazioni ndani ya maktaba iliyokwisha kutafsiriwa; hukagua msimbo mpya tu. Swichi ya -ffpe-trap=invalid,zero,overflow huenda mbali zaidi, kwa kuwa husimamisha programu popote pale hesabu isiyowezekana inapofanyika. Hata hivyo hakuna swichi inayoweza kutambua kwamba 2 ilipaswa kuwa 7. Hilo hutambuliwa kwa kulinganisha na jibu linalojulikana.

Jibu kama hilo halihitaji kompyuta. Mgonjwa wa kubuni apewe miligramu 300 za dawa kwa mshipa kwa mara moja. Dawa isambae katika lita 15. Nusu uhai wake uwe saa 3. Mwanzoni kiwango ni miligramu 20 kwa lita. Baada ya saa 3 ni 10, baada ya saa 6 ni 5, baada ya saa 9 ni 2.5, na baada ya saa 12 ni 1.25. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuandika jedwali hilo kwenye kiganja. Programu ikitoa sifuri mahali pote, mkataba wa baiti umevunjika. Yafaa kuongeza saa zisizogawanyika vizuri, kwa kuwa namba zilizo kamili zinaweza kuficha makosa fulani: baada ya saa 1 kiwango ni 15.874, baada ya saa 2 ni 12.599, na baada ya saa 5 ni 6.300. Namba halisi ya baiti 4 huhifadhi takriban tarakimu 7, kwa hiyo tofauti inayoonekana katika tarakimu ya tatu au ya nne inahitaji maelezo. Jaribio hilo lirudiwe kila kompaila inaposasishwa, kila swichi inapobadilishwa, na kila kompyuta inapobadilishwa. Kwa watumiaji wa NONMEM, busara ni kusakinisha upya programu nzima kwa kompaila mpya badala ya kuchanganya vipande vya miaka miwili tofauti, kisha kuendesha tena modeli ya zamani ambayo majibu yake yamehifadhiwa.

Mgonjwa anayesoma makala haya anaweza kujiuliza nafasi yake ni ipi. Ipo, nayo si ndogo. Dozi iliyopendekezwa kwa hesabu hupimwa tena kwa damu yake mwenyewe. Muuguzi anaporudi kuchukua damu saa fulani baada ya sindano ya gentamicin au vancomycin, matokeo ya maabara huwa ni shahidi ambaye hakupitia katika Fortran wala katika maktaba yoyote. Ushahidi huo hutegemea saa. Sindano iliyochelewa kwa dakika 90 bila kuandikwa huifanya hesabu nzima ionekane ina kosa, au, vibaya zaidi, huficha kosa lililopo. Mgonjwa au ndugu anayemuuguza anayo haki ya kumwambia muuguzi kwamba dawa ya asubuhi haikutolewa saa 2 bali saa 3 na nusu, na muuguzi anapaswa kuandika saa halisi hata kama ratiba inasema vingine. Kiwango cha maabara kikitofautiana sana na kile kilichokadiriwa, mfamasia aanze kwa figo za mgonjwa na saa za dozi, kisha afike hadi kwenye programu yenyewe.

Kitengo kinachofanya hesabu hizi chahitaji daftari moja, la karatasi au la kompyuta, lenye jina na toleo la kompaila, swichi zote zilizotumika kama zilivyoandikwa katika mstari wa amri, chanzo cha kila maktaba, na majibu ya jaribio la mgonjwa wa kubuni pamoja na tarehe. Maktaba isiyo na msimbo chanzo, isiyojulikana ilitafsiriwa kwa kompaila ipi, na iliyoshindwa jaribio hilo hata kwa saa moja kati ya zilizotajwa, iwekwe kando. Mlinganyo wa dawa inayosambaa kama katika chombo kimoja huandikwa upya kwa mistari isiyozidi 20, na mfamasia anaweza kuukagua kwa kikokotoo siku hiyohiyo.